Ugomvi Wenye Kanuni: Mwaka Kogwa na Hoja ya Kutoa Hasira

Kila Julai, katika sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanaume wazima hupigana kwa mabua ya migomba mbele ya wake zao, watoto wao na viongozi wa serikali walioalikwa. Magazeti yanapoandika habari hiyo huongeza sentensi moja ya ufafanuzi: watu hutoa hasira za mwaka mzima ili waingie mwaka mpya na mioyo mikunjufu. Waongoza watalii husema hivyo hivyo, na hata mwenyeji ukimuuliza kwa pupa atakupa jibu hilo, kwa kuwa ni jepesi na mgeni huridhika nalo. Makala haya yanalipinga. Silioni kuwa la uongo. Naona linaeleza kidogo mno.

Jibu lenyewe lina ukoo katika taaluma. Max Gluckman, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Johannesburg, alitoa mhadhara mwaka 1952, ukachapishwa 1954, kuhusu sherehe alizoziita za uasi. Mfano wake mkubwa ulikuwa Incwala ya Waswazi, ambamo mfalme huimbiwa nyimbo za chuki katikati ya sherehe ile ile inayomtukuza. Gluckman alidai kwamba uasi wa kuigiza huyapa nguvu mamlaka yanayoasiwa: watu hupumua, kisha hurudi kutii. Hoja hii ilipendwa sana, na hadi leo hubandikwa juu ya kila sherehe yenye matusi, vurugu au mabadilishano ya vyeo. Mwaka 1966 mwanaanthropolojia T. O. Beidelman aliirudia Incwala na kufuata fikra za Waswazi wenyewe kuhusu alama zake. Alichokiona hakikuwa uasi. Nyimbo zile, pamoja na matendo mengine, humtenga mfalme na makundi yote ya jamii ili aweze kubeba nguvu ambazo mtu wa kawaida hazimfai. Somo la kimbinu ni kwamba kabla ya kudai sherehe inapoza nini, tuulize nani anasimama wapi, na kwa amri ya nani.

Tuulize hivyo Makunduchi. Wapiganaji hawapangwi kwa ugomvi walio nao. Wanapangwa kwa pande mbili, Kusini na Kaskazini, na simulizi za wenyeji huanzisha pambano kwa ndugu wawili wa upande mmoja dhidi ya ndugu wawili wa upande wa pili. Basi mtu aliyegombana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba, ikiwa wote ni wa upande mmoja, siku hiyo watasimama bega kwa bega na kumpiga mtu wa mbali asiyewakosea chochote. Kama lengo lingekuwa kumaliza visa vya mwaka, mpango huu ungekuwa wa ajabu. Lakini kama lengo ni kuuonyesha mji jinsi ulivyoundwa, nusu kwa nusu, ili kila kijana ajue yeye ni wa nani, mpango hauna kasoro.

Silaha nayo ina maneno. Bua la mgomba ni zito kwa sababu limejaa maji, si kwa sababu ni gumu. Likipiga linauma, linarusha utomvu, kisha linachanika nyuzi nyuzi na kubaki mkononi kama kamba. Utomvu ule ukikauka kwenye nguo hautoki. Wapiganaji huja na makoti mazito na masweta katika joto la pwani, wengine na helmeti za pikipiki. Anayetaka kuumiza kweli hachagui silaha inayokatika, wala hamruhusu adui avae koti. Pembeni wanawake hupita makundi makundi wakiwa wamejipamba, wakiimba nyimbo za mapenzi na za kejeli, na kejeli hizo, kwa maoni yangu, huchoma kuliko mabua. Kama kuna mahali hasira halisi inapata mlango siku hiyo, ni katika nyimbo. Ajabu ni kwamba waandishi wengi huzipita haraka ili wawahi picha za mapigano.

Baada ya hapo hujengwa kibanda cha makuti, mtu huingia ndani, kibanda hutiwa moto, naye hutoka mbio. Maana inayotolewa ni kwamba mwaka unaoingia, nyumba ikiungua, asife mtu. Kwa jamii iliyoezeka kwa makuti karne nyingi na kupikia kuni, ombi hilo halihitaji nadharia yoyote. Hapa pia hakuna hasira ya kupozwa. Hoja ya Gluckman ikiletwa kwenye kibanda haina la kusema, na nadharia inayoeleza nusu ya sherehe na kunyamazia nusu nyingine inatia shaka hata kwa ile nusu ya kwanza.

Lililo zito zaidi ni tarehe. Mwaka wa Makunduchi ni Nairuzi, mwaka wa jua uliofika pwani kupitia biashara ya Bahari ya Hindi, ambamo manahodha walihesabu siku tangu Nairuzi ili kujua pepo za kusafiria. Una siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Hauna mwaka mrefu. Huko Iran, marekebisho ya kalenda ya mwaka 1079, ambayo Omar Khayyam alishiriki, yaliifunga Nairuzi kwenye siku ya Machi ambapo usiku na mchana hulingana. Nairuzi ya Makunduchi haikufungwa, na kwa hiyo hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne hivi. Maparsi, Wazoroasta wenye asili ya Iran ambao Zanzibar iliwahi kuwa na jamii yao, wana hali kama hiyo, na wengi wao India husherehekea mwaka mpya Agosti kwa sababu ile ile.

Piga hesabu: katika miaka 40 kalenda hii huhama siku kumi, yaani mwongo mmoja kamili. Mkulima anayepanda kwa mwongo aliofundishwa na babu yake atakuwa amekosea majira, asipokuwepo mzee wa kumwambia kuwa mwongo umesogea. Kwa hiyo kalenda inahitaji watu wa kuitunza, na watu hao wanahitaji siku moja ya kutambuliwa hadharani. Nadhani hii ndiyo kazi kuu ya Mwaka Kogwa. Unawathibitisha wazee wanaojua hesabu, wanaotangaza siku, na ambao bila wao mabua hayainuliwi. Wengine waliobaki, kwa kupigana, kuimba au kupika, wanakiri kwamba wamesikia tangazo.

Utalii hauna budi kutajwa, ingawa malalamiko juu yake yamezoeleka mno. Wapo wanaosema wageni wameiharibu sherehe. Siafiki moja kwa moja, maana mgeni yumo ndani ya kanuni: Makunduchi, mtu asiyepata mgeni siku ya Mwaka huona amepungukiwa. Ila kanuni inamtaka mgeni aliyeingia nyumbani kwa mtu na kula chakula chake. Anayeshushwa na basi, akapiga picha kwa saa moja na kuondoka hajawa mgeni wa yeyote, hata wakija elfu moja wa aina yake. Ikiwa jambo la kuogopa lipo, ni tarehe kusogezwa iangukie mwishoni mwa wiki kwa ajili ya mahoteli. Likitokea hilo, mapigano yanaweza kubaki yale yale na wazee wa hesabu wakawa hawana kazi.

Ndiyo maana nawaomba watafiti wetu, hasa wanafunzi wa vyuo vya Zanzibar wanaokwenda Makunduchi na kinasa sauti, waache kuanza na swali la maana ya sherehe. Waandike kwanza nani alitangaza siku na alihesabu vipi, nani alipigana upande gani na kwa nini upande huo, nyimbo gani ziliimbwa na zilimlenga nani, nani alilala kwa nani na alipikiwa nini. Habari hizo zinapungua kila mzee mmoja anapofariki.