Mbwa Shenzi: Mbwa wa Kongo na Swali la Malezi

Nilipokuwa mwaka wa tatu wa sekondari, mbwa wetu alimwuma mtoto wa jirani. Tuliishi Ngarama, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na mbwa huyo tulimwita Simba. Tangu alipokuwa mdogo tulimfunga kwa kamba fupi chini ya mti wa parachichi, asubuhi hadi usiku, tukiamini kwamba hivyo ndivyo mbwa anavyokuwa mlinzi. Chakula chake kilikuwa ukoko wa posho na maji yaliyooshea sufuria. Hakuna aliyewahi kumfundisha kitu zaidi ya kumfokea. Siku hiyo kamba ilikatika, na mtoto alikuwa ameingia uani kufuata mpira.

Jioni vijana walimwua Simba kwa fimbo. Mtoto alipelekwa Mbarara kuchomwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, akapona. Wakati Simba anafukiwa, mtu mmoja alisema, "Mbwa shenzi hafundishiki." Baba yangu alikubali kwa kichwa. Mimi pia nilikubali.

Nilikutana tena na maneno hayo chuoni, nikisoma historia ya Kongo. Niligundua kwamba kuna aina ya mbwa inayojulikana duniani kote kwa jina la basenji, ambalo asili yake ni neno letu la Kiswahili, washenzi. Katika insha hii nitafuata safari ya mbwa huyo tangu karne ya 19. Hoja yangu ni kwamba afya na tabia ya mbwa hutokana kwa sehemu kubwa na chakula, kazi na mafunzo anayopewa na binadamu, na kwamba jina la "shenzi" limetumika kuwaficha wanaohusika.

Tuanze na neno lenyewe. Watu wa pwani walimwita mshenzi mtu wa bara ambaye hakuwa Mwislamu na hakufuata desturi za mjini. Katika karne ya 19, misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Zanzibar iliingiza Kiswahili hadi Maniema na Kisangani. Tippu Tip alikuwa na makao Kasongo, na mwaka 1887 aliteuliwa kuwa gavana wa eneo la Stanley Falls. Neno mshenzi lilisafiri na misafara hiyo, na huko Kongo likapata kiambishi cha wingi ba-, likawa basenji. Chini ya utawala wa Wabelgiji lilitumika kuwadharau watu wa vijijini ambao hawakuwa wamesoma. Wazungu walipowaona mbwa wa watu hao, jina la mwenyewe likahamia kwa mbwa wake. Kwa hiyo tusi hili lilimlenga binadamu kabla ya kumfikia mnyama.

Je, mbwa hao walikuwaje kwao? Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyesafiri kati ya Wazande na Wamangbetu katika safari yake ya miaka ya 1868 hadi 1871, aliwaeleza kuwa ni mbwa wadogo, wenye manyoya mafupi na mkia uliojikunja kama wa nguruwe. Shingoni walivishwa kengele za mti ili wasipotee katika nyasi ndefu. Katika msitu wa Ituri, Wambuti nao waliwatumia mbwa kama hao kuwafukuza wanyama kuelekea kwenye nyavu. Kengele ilikuwa ya lazima kwa sababu mbwa huyu habweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti inayofanana na kuimba, na akiwa kazini mara nyingi hunyamaza.

Jambo hili nililisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mzee mmoja wa Ngarama aliyekuwa mwindaji Walikale kabla ya kukimbia vita. Nilimwuliza, "Mzee, kwa nini mliwavika mbwa kengele?" Akanijibu, "Mwanangu, mbwa wangu alitembea tangu alfajiri hadi jua la mchana, na nyama ikipatikana sehemu yake ilijulikana. Sasa ninyi mnamfunga kutwa nzima, halafu mnauliza kwa nini ana hasira?" Jibu lake lina mambo matatu pamoja. Mbwa wa mwindaji alipata mazoezi kila siku ya kuwinda, alikula nyama kutokana na kazi yake, na alijifunza kwa kufuatana na mbwa wakubwa na watu. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, maana mbwa huiga nyumba inayomlea.

Hata hivyo, mwanahistoria hapaswi kupamba mambo ya kale. Schweinfurth aliandika pia kwamba Wazande waliwanenepesha mbwa na kuwala. Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti katika miaka ya 1950, aliona mbwa wa uwindaji wakipigwa mateke ovyo, ingawa walikuwa na thamani kubwa. Kwa hiyo sisemi kwamba kila mbwa wa kijijini alitunzwa vizuri. Ninachosema ni kwamba alikuwa na kazi iliyolingana na mwili wake, na watu walikuwa na ujuzi wa kumfundisha. Ujuzi huo haukuandikwa, na jina la "shenzi" liliwafanya wageni wasiutafute.

Safari ya kwenda Ulaya inaonyesha upande wa pili, yaani maradhi. Mwaka 1895 mbwa wawili wa aina hii walionyeshwa katika maonyesho ya Crufts mjini London, lakini walikufa baada ya muda mfupi kwa distempa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, tumbo na ubongo wa mbwa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting aliwapeleka London mbwa sita kutoka kusini mwa Sudan. Walichomwa chanjo ya distempa ya wakati huo, ambayo ilikuwa bado haijakamilika, na wote wakafa. Chanjo ya kuaminika zaidi ilipatikana baadaye, kwa kazi ya Laidlaw na Dunkin huko Mill Hill, London, mwishoni mwa muongo huo. Bibi Olivia Burn alipoleta wengine kutoka Kongo, uzao ulisimama, na mwaka 1937 watu walijaa Crufts kuwatazama. Tunajifunza hapa kwamba chakula kizuri na nyumba ya joto havitoshi. Mbwa anayehamishwa hukutana na maradhi ambayo mwili wake haujawahi kuyajua, na kinga yake ni chanjo iliyo salama.

Ushahidi mkubwa zaidi kuhusu tabia unatoka Bar Harbor, katika jimbo la Maine, Marekani. Huko wataalamu John Paul Scott na John Fuller walichunguza aina tano za mbwa kwa miaka mingi, basenji akiwa mmoja wao, na kitabu chao kikatoka mwaka 1965. Watoto wa basenji walipokuwa na wiki 5 waliwaogopa watu kuliko wenzao: walikimbia, walilia, wengine walitaka kuuma. Mtu angeweza kusimama hapo na kusema kwamba ushenzi uko kwenye damu. Lakini walipoendelea kushikwa na kuchezewa na watu, woga huo ulipungua haraka, na kufikia wiki ya 13 hivi hawakuwa tofauti sana na wengine. Jaribio jingine la mahali hapo, lililochapishwa mwaka 1961, lilionyesha kinyume chake. Watoto wa mbwa ambao hawakukutana na watu mpaka wiki ya 14 walibaki kama wanyama wa mwituni, ingawa aina yao ilisifika kwa upole. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka Simba. Wiki hizo alizimaliza chini ya mti, na sisi tulimfukuzia mbali kila mtoto aliyetaka kumshika.

Mwisho wa safari hii una mafunzo yake. Kwa kuwa basenji wote wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache, ugonjwa wa figo wa kurithi unaoitwa Fanconi ulienea kati yao. Figo hushindwa kurudisha mwilini sukari na virutubisho vingine, navyo hutoka kwa mkojo. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani, akiwemo Jon Curby na Michael Work, walisafiri hadi vijiji vya kaskazini-mashariki mwa Zaire kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kikakubali mbwa hao waandikishwe. Karibu miaka mia moja baada ya wale wa kwanza kufa London, wageni walirudi kwa wanakijiji walioitwa basenji kutafuta afya ya mbwa wao.

Habari hizi zinatuhusu nini sisi wa Nakivale? Makazi haya yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wanaishi karibu karibu, pamoja na wenyeji wa Isingiro. Mwindaji wa Walikale hana pori la kuwindia hapa. Mbwa wake sasa analinda mahindi na nyumba, kwenye plot ndogo, pembeni mwa jirani Mwislamu ambaye mate ya mbwa kwake ni najisi. Mbwa asiyefundishwa huharibu ujirani hata kabla hajamwuma mtu.

Njia ya kumlea haihitaji utajiri. Posho peke yake hushibisha, lakini mbwa anahitaji pia protini, na kiganja cha mukene kilichochanganywa humo husaidia. Mifupa iliyopikwa ni hatari kwa sababu hupasuka na kuchoma utumbo. Matembezi ya asubuhi na jioni huchukua nafasi ya uwindaji. Mafunzo yaanze mapema, kwa kipande kidogo cha chakula anachopewa papo hapo anapotii, kwa maana akipigwa baadaye haelewi anaadhibiwa kwa lipi. Na achanjwe. Mbwa ndio chanzo cha karibu vifo vyote vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa, na wataalamu wanasema ugonjwa hukatika pale asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapokuwa wamechanjwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hatukulijua siku ile. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kushikwa salama, hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10, huku aliyeumwa akiendelea na matibabu bila kungoja. Mbwa akibaki mzima kwa siku hizo, inajulikana kwamba hakumwambukiza mtu. Sisi tulimwua Simba saa chache baada ya tukio, na mama wa mtoto yule aliendelea kuwa na hofu hadi sindano ya mwisho.

Kwa kuhitimisha, historia ya basenji inaonyesha mbwa yuleyule akiwa mwindaji hodari Ituri, maiti London, mtoto mwoga aliyetulia Maine, na tegemeo la wafugaji waliorudi Zaire. Kilichobadilika kila mara ni watu waliomzunguka na walichompa. Likizo iliyopita baba alileta mbwa mwingine nyumbani, jike la wiki 7. Nilimwomba asimfunge. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza chanjo inatolewa siku gani.