Fremu yenye springi: namna ya kuifanya modeli ya injini ya mvuke isiache reli

Injini za mvuke za daraja la 59 zilivuta treni kati ya Mombasa na Nairobi kuanzia mwaka 1955. Zilikuwa 34, zote zimeundwa na Beyer, Peacock ya Manchester, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Uzito wake ulikuwa takriban tani 252 na urefu zaidi ya mita 31.

Mimi ni mtu wa Pwani ninayeishi Lucky Summer, Nairobi, na modeli ya injini hiyo naiunda kwenye meza ya kulia chakula. Kwa kipimo cha 1:87 inakuwa na urefu wa sentimita 36 na ushei, nayo hutembea juu ya reli ya upana wa milimita 12. Hapa naeleza sehemu inayowashinda wengi, yaani fremu.

Kwa nini springi? Stuli ya miguu minne ikiwekwa kwenye sakafu yenye mabonde, mguu mmoja huelea. Magurudumu manane yaliyokazwa kwenye fremu ngumu hufanya vivyo hivyo. Gurudumu linaloelea halivuti, halipokei umeme kutoka kwenye reli, na kwenye kona huruka nje. Injini ya kweli ilikuwa na springi za vyuma bapa vilivyopangana, kama za lori.

Kazi huenda hivi:

1. Lehemu mabati mawili ya shaba ya njano pamoja, chora, toboa na ukate, kisha yatenganishe kwa moto. Pande zote mbili zitalingana.

2. Kila ekseli ipate mwanya wa wima. Kisanduku cha beringi kiteleze juu na chini, lakini kisicheze mbele na nyuma.

3. Pima nafasi ya ekseli kwa fito zinazounganisha magurudumu, si kwa rula. Nafasi zikitofautiana na fito hata kidogo, magurudumu hukwama. Fito nazo ziwe na viungo, ili kila gurudumu lipande peke yake.

4. Springi ni waya wa gitaa wa chuma usiozungushiwa waya mwingine, unene wa milimita 0.25 hadi 0.35. Upitishe katika vishikizo vilivyo kati ya ekseli, na juu ya kila kisanduku. Gurudumu likipanda, waya hupinda, kisha hulirudisha chini.

5. Ongeza vipande vya risasi mpaka fremu ishuke kama nusu milimita. Iweke juu ya kioo, kisha vuta ukanda wa karatasi chini ya kila gurudumu. Karatasi ikibanwa sawasawa kote, uzito umegawanyika vizuri. Ikitoka kwa urahisi mahali pamoja, sogeza vishikizo au uhamishe risasi.

Daraja la 59 linahitaji fremu mbili za namna hii, kila moja ikiwa na ekseli nne za kuvuta, na bwela likining'inia katikati. Jaribu kila fremu peke yake kabla ya kuziunganisha.

Vipimo vya mwili vinapatikana. Mount Gelai, namba 5918, imesimama katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971. Lakini chuma kilichosimama hakikuonyeshi jinsi fundi alivyotambua springi iliyochoka, wala alivyoigawa mizigo ya ekseli kabla ya injini kuanza kupanda kutoka Mombasa. Ujuzi huo wanao wazee waliofanya kazi ya reli, na wengi wamebaki majumbani huko Pwani. Tangu treni ya SGR ianze 2017, vijana wetu wana sababu chache zaidi za kuwauliza.

Kwa hiyo, msomaji, kama nyumbani kwenu yuko babu au mjomba aliyefanya kazi karakana ya reli, kaa naye wiki hii. Muulize springi zilirekebishwaje, na kwa vifaa gani. Rekodi sauti yake kwenye simu, na umwombe akuchoree. Mchoro mmoja wa mkono wake utamsaidia anayeunda modeli, na utabaki kwa wajukuu pia.