Jiwe la Samawati la Merelani

Wewe msomaji uliyezaliwa Kisii au Nyamira, bila shaka umepata kushika jiwe la Tabaka, lile ambalo mafundi hulichonga sahani na sanamu. Ni laini; ncha ya kisu hulikwaruza pasipo taabu. Sasa fikiri jiwe la namna nyingine, gumu zaidi, la samawati iliyoingiwa na zambarau, lichimbwalo Merelani, kaskazini mwa Tanzania, wala migodi yake haipo penginepo ulimwenguni.

Katika mwaka 1967 Jumanne Ngoma aliokota vipande vyake. Mwaka huohuo Manuel d'Souza, fundi wa kushona nguo aliyependa kutafuta madini, akaandikisha eneo la kuchimba. Walakini jiwe lilikuwa fumbo. Kwanza lilidhaniwa kuwa yakuti samawi. Wataalamu walipolipima waliona kuwa ni zoisaiti, madini yaliyopewa jina la bwana Sigmund Zois huko Ulaya tangu mwaka 1805. Ila zoisaiti ya samawati namna ile haikuwa imejulikana.

Tazama jinsi lilivyoumbwa. Kwa kila atomu 2 za kalisi zipo 3 za alumini, 3 za silikoni, 13 za oksijeni na 1 ya hidrojeni. Hayo yote yakiwa safi hayana rangi! Samawati yatokana na vanadi, chembe chache mno zinazokalia nafasi za alumini. (Yakuti samawi ni alumini na oksijeni tu, na rangi yake hutokana na chuma na titani; ndiyo maana macho peke yake hayatoshi kuyapambanua mawe haya mawili.) Zaidi ya hayo, mawe mengi ya Merelani hutoka ardhini yakiwa ya hudhurungi. Hutiwa katika tanuri penye joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi, vanadi ikabadilika hali, hudhurungi ikatoweka. Husimuliwa kwamba moto wa radi ndio ulioyageuza mawe ya kwanza. Ni hadithi tamu, lakini mimi naona joto la chini ya ardhi latosha kuyaeleza hayo.

Mwaka 1968 duka la Tiffany la New York likaliita tanzanaiti na kuanza kuliuza. Jina la nchi likaenea, na mali ikaenda pamoja nalo. Je, aliyeliokota alipata nini? Ngoma alingoja hata mwaka 2018, ndipo Rais Magufuli alipomtukuza hadharani na kumpa shilingi milioni 100, siku ya kufunguliwa ukuta wa kilomita 24 hivi uliojengwa kuizunguka migodi ili kuzuia magendo. Miaka 2 baadaye, mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9 na zaidi, la pili la kilo 5 na zaidi, akalipwa shilingi bilioni 7.7.