Profesa wa Kwanza wa Kiitaliano Alikuwa Muuza Duka

Desemba iliyopita tulikuwa kwa shangazi Malindi. Pilau imeiva, watu wamekaa, na binamu yangu akaamua hiyo ndiyo saa ya kutangaza kozi anayoitaka: lugha na utamaduni wa Kiitaliano. Digrii nzima.

Kimya. Halafu mjomba akacheka. "Kiitaliano? Si hata vijana wa ufuoni wanakiongea na hawajalipa ada?" Alipoona msichana hajatikisika akanigeukia mimi. "Uliza huyu. Aliingia chuo, akatoka mwaka wa pili, saa hii anaongea na simu."

Sawa. Ukweli usemwe, simu ndiyo inanilipia nyumba, lakini siku hiyo sikuwa na jibu. Nilirudi Nairobi nikaanza kuchimba: nani aliamua Kiitaliano ni somo la chuo kikuu? Nikakutana na mzee mmoja ambaye, wasee, hii mitandao ingempenda sana.

Anaitwa Lorenzo Da Ponte. Alizaliwa 1749 katika mji mdogo wa Ceneda, karibu na Venezia, kwenye familia ya Kiyahudi iliyobadili dini na kuwa Wakatoliki. Akawa padri. Padri wa aina gani, usiulize, kwa sababu mwaka wa 1779 Venezia ilimfukuza kwa kesi ya wanawake. Akaenda Vienna, na huko akamwandikia Mozart maneno ya opera tatu: Le nozze di Figaro, Don Giovanni na Così fan tutte. Muziki ambao dunia inauimba mpaka leo, maneno ni yake.

Ungedhani ameomoka. Wapi! Vienna wakamtoa kazini, London akazama kwenye madeni, na mwaka wa 1805 akapanda meli kwenda Marekani akiwakimbia waliokuwa wanamdai. Huko akafungua duka la vyakula. Mtu aliyeandika na Mozart sasa anapima chai na sukari kwa kaunta, na hata hiyo biashara haikumwendea vizuri.

Kilichomwokoa ni stori za dukani, ila duka la vitabu. Mwaka wa 1807 huko New York alikutana na kijana anaitwa Clement Moore, ambaye baba yake alikuwa mkuu wa Columbia College. Wakaanza kuongea kuhusu washairi wa Italia, na kutoka hapo Da Ponte akapata wanafunzi wa kuwafundisha nyumbani. Mwaka wa 1825, akiwa na miaka 76, Columbia ikampa cheo: profesa wa kwanza wa Kiitaliano pale.

Sasa sikiza kitu ambacho mjomba angefurahia. Cheo hakikuwa na mshahara. Angelipwa na wanafunzi wenyewe, na wanafunzi walikuwa wachache, halafu wakaisha. Alilalamika, akauzia chuo vitabu vyake, akafa 1838 bila utajiri wowote. Swali la "utakula nini na Kiitaliano" limekuwepo tangu siku ya kwanza ya hiyo kozi.

Lakini angalia alichoacha. Mwaka wa 1826 aliona Don Giovanni ikichezwa New York, mji ambao kabla ya hapo haukujua opera ya Kitaliano ni nini. Na leo Columbia ina kiti cha profesa wa Kiitaliano chenye jina la huyo muuza duka.

Hakuwa peke yake. London, mwaka wa 1828, chuo kipya kilimpa kiti cha Kiitaliano Antonio Panizzi, mtu ambaye kwao alikuwa amehukumiwa kifo kwa siasa. Baadaye huyo akawa mkuu wa British Museum. Mwaka wa 1831 King's College ikamchukua Gabriele Rossetti, mshairi aliyetoroka Naples kwa sababu hizo hizo za siasa. Hii kozi ilijengwa na wakimbizi na watu waliofilisika.

Na hapa ndipo nilishtuka. Miaka hiyo yote hakukuwa na nchi inayoitwa Italia. Ilizaliwa 1861. Kozi imeitangulia nchi! Hata lugha yenyewe ilikuwa ya vitabuni, imetokana na Kifirenze cha kina Dante. Mtaalamu Tullio De Mauro alikadiria kwamba mwaka huo wa 1861 ni watu kama 2.5 kwa kila 100 waliojua kuiongea. Wengine wanasema 10. Vyovyote vile, wengi nyumbani waliongea lugha ya mtaa wao, na ile sanifu waliikuta shuleni. Kama umekulia Sheng ukaambiwa insha yako si Kiswahili, unaelewa hiyo hali bila kufundishwa.

"Poa," mjomba atasema, "na sisi inatuhusu nini?"

Inatuhusu. Kismayu ilikuwa chini ya koloni la Kenya mpaka 1925, Uingereza ilipoipa Italia Jubaland kama malipo ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu wa huko hawakuulizwa. Wamisionari wa Consolata walitoka Torino wakafika nchi ya Wakikuyu 1902, wakaandika shajara kuhusu mababu wa watu unaowajua. Pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kwenye jukwaa la Waitaliano baharini, setilaiti ya Marekani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya Jamhuri, ikapewa jina Uhuru.

Karatasi nyingi za hizo stori ziko kwa Kiitaliano. Kijana wa ufuoni anaweza kukuelezea bei ya samaki kwa hiyo lugha, na ninamheshimu kwa sababu alijifunza kwa masikio tu. Lakini kusoma barua ya 1905 na kujua mwandishi anadanganya wapi, hiyo ni kazi nyingine, na kazi hiyo inafundishwa darasani. Tusipokuwa na watu wetu wa kuzisoma, tutaendelea kusimuliwa historia yetu na wajukuu wa walioiandika.

Sisemi doo ziko. Mimi nilitoka chuo kwa sababu ada ilinishinda, na sitamdanganya mtoto wa shangazi kwamba mapenzi ya somo yanalipa kodi. Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, aulize ada ya miaka yote kabla hajaingia, si ya muhula wa kwanza peke yake. Pili, abebe na kitu kingine kando: utafsiri, kompyuta, sheria, chochote. Da Ponte alikuwa na duka.

Alinijibu kwa sauti ya WhatsApp, sekunde nne. "Sawa kaka. Lakini mjomba utamwambia wewe."

Ndiyo maana nimeandika hii. Mjomba, ukiisoma, pilau ilikuwa tamu.