Ukoo Uliofichika Kariandusi

Ukipata, msomaji, kufika Kariandusi, karibu na Ziwa Elmenteita katika Bonde la Ufa, utaonyeshwa mashoka ya mawe ambayo msafara wa Louis Leakey uliyagundua mwishoni mwa miaka ya 1920. Yalichongwa na watu wa kale yapata miaka milioni moja iliyopita, na kwa hayo mahali hapa pamepata sifa. Lakini kabla hujaondoka, tazama pia udongo mweupe uliochimbwa jirani kwa miaka mingi. Utie kiganjani: ni mwepesi, na unga wake hushika vidoleni. Huo nao ni historia.

Udongo huo ni magamba ya viumbe visivyoonekana kwa macho matupu, viitwavyo diatomu. Viliishi katika ziwa la kale, kila kimoja ndani ya gamba lililo mithili ya kioo. Vilipokufa, magamba yalizama chini, tabaka juu ya tabaka.

Je, jamaa za diatomu ni nani? Jibu limo pwani. Ukishuka Mombasa wakati wa maji kupwa, utaona miambani mwani mwekundu, mwani wa kijani na mwani wa hudhurungi. Kwa macho utasema hao watatu ni ndugu, na diatomu ni mgeni. Macho hudanganya.

Katika miaka ya 1980 wataalamu walianza kulinganisha jeni za viumbe hawa. Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya kila chembe hai, nayo hunakiliwa kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Fikiri darasa linalonakili somo. Mwanafunzi akikosea neno, na jirani yake akanakili kwake, kosa lile lile litaonekana katika madaftari yote mawili, na mwalimu atajua. Vivyo hivyo, viumbe wanaoshiriki mabadiliko mengi yale yale ya jeni hudhaniwa kuwa na babu mmoja.

Hukumu ilikuwa hii: mwani wa hudhurungi ni jamaa wa diatomu kuliko alivyo jamaa wa mwani mwekundu au wa kijani. Jeni zote za diatomu mmoja zilichapishwa mwaka 2004, na za Ectocarpus, mwani wa hudhurungi, mwaka 2010.

Katika ukoo huo yumo pia adui wa mkulima: kiumbe kiozeshacho viazi, kilicholeta njaa Ireland kuanzia mwaka 1845, na kisumbuacho wakulima wa Nakuru hata leo. Kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa kuvu. Jeni zilithibitisha kwamba sicho, na ndiyo maana baadhi ya dawa za kuvu hazikidhuru. Akoseaye ukoo wa adui hukosea na silaha.

Basi, msomaji, utakapopangusa vumbi jeupe la Kariandusi viatuni mwako, kumbuka kwamba jamaa zake wako baharini, na wengine wako shambani kwenu.