Nyoka wa Kaimosi na Bei ya Utoto

Kuna nyoka mdogo huku kwetu anayeishi chini ya udongo. Ni mwembamba, macho yamefunikwa na magamba, na ukimchimbua na jembe unaweza kudhani ni mnyoo tu ukaendelea kupalilia. Kitaalamu anaitwa Afrotyphlops kaimosae. Jina hilo limetoka Kaimosi, pale kwa misheni ya Friends iliyoanzishwa na Wamarekani watatu mwaka wa 1902, kwenye kipande cha msitu ambacho zamani kilikuwa kimeshikana na huu wa Kakamega.

Aliyempa jina ni Arthur Loveridge, mwaka wa 1935. Maisha ya huyu jamaa yananivutia kuliko nyoka mwenyewe. Alizaliwa 1891 Penarth, huko Wales, na tangu utotoni alikuwa akikusanya viumbe. Mtoto wa kushika mijusi, kwa kifupi. 1914 akafika Nairobi kusimamia kajumba ka makumbusho ka chama cha wapenda maumbile. Vita vikaja, akawa mwanajeshi. Baada ya vita akawa askari wa wanyamapori Tanganyika. 1924 akachukuliwa na makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, awe msimamizi wa nyoka na vyura, kisha wakawa wanamrudisha Afrika Mashariki safari baada ya safari. Ile ya 1933 na 1934 ndiyo iliyomleta Kaimosi.

Yaani mtu amecheza na mijusi miaka arobaini na kila mara kuna mtu wa kumlipa.

Akiwa Nairobi alikutana na mvulana wa wamishenari wa Kabete, mwenye miaka 11 hivi, aliyependa sana ndege. Akamfundisha kutambua na kuhifadhi viumbe. Mvulana huyo ni Louis Leakey, ambaye tunamjua kwa mafuvu ya Olduvai, na ambaye baadaye alikuja kuongoza makumbusho ya Nairobi. Mapenzi ya utotoni yalipata mlango, na mlango ukafunguliwa na mtu mzima aliyekuwa mtoto wa aina hiyo hiyo. Hadithi nzuri. Mimi huipenda, halafu naanza kuhesabu milango.

Kwa sababu Kakamega ya wakati huo haikukosa watoto wa aina hiyo. Mtoto wa Tiriki au Isukha alijua kumbikumbi watatoka shimo gani mvua ikinyesha, alijua kuchimba mukombero bila kuukata mzizi katikati, na alijua nyoka yupi wa kukimbia na yupi wa kupuuza. Loveridge alilitambua hilo. Popote alipopiga kambi alizoea kuwalipa wenyeji waliomletea wanyama, na nyoka anayeishi ardhini huwa hapatikani na mwenye bunduki, hupatikana na mwenye jembe. Lakini jina la kitaalamu linataja mahali. Halitaji mkono.

Na miaka yenyewe ilikuwa mibaya. Dhahabu ilikuwa imepatikana Kakamega 1931, wazungu wakamiminika, na serikali ikabadilisha sheria ya ardhi 1932 ili wachimbaji wasizuiwe na ahadi ilizokuwa imewapa wenyeji miaka miwili tu kabla. 1933 msitu ukatangazwa rasmi kuwa wa kuhifadhiwa. Kwa hiyo mvulana wa pale kando alijikuta amekatazwa kwingi alikocheza jana, huku mgeni akiingia na chupa za spiriti na barua ya ruhusa.

Nisiseme kwamba hakuna kilichobadilika. Tangu 1979, pale Isecheno, mtafiti Marina Cords amekuwa akifuatilia kima, na kazi hiyo imeendeshwa na vijana wa vijiji vya karibu wanaotambua kila mnyama kwa sura yake, nani mama ya nani, nani kahama kundi. Miaka ya tisini waongoza wageni wa hapo walianzisha KEEP, mpango wa kufundisha watoto wa shule kuhusu msitu. Baadaye Wajerumani wakaja na utafiti wa BIOTA kwa karibu miaka kumi, wakaajiri wasaidizi, wakamaliza, wakaenda. Hii biashara ya mradi kuja na kwenda ndiyo inayoniuma. Harvard ilimshika Loveridge hadi alipostaafu 1957.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, kwa hiyo swali la kazi bila cheti nalijua vizuri. Mwaka jana nilitembea msituni na kaka mmoja wa upande wa Shinyalu. Alianza utotoni kwa kunasa ndege na ulimbo, na mjomba wake alimchapa kwa hilo. Leo asubuhi huhesabu kima mradi ukiwepo, jioni huzungusha wageni wa kuangalia ndege, na masika huuza miche ya miti ya kienyeji. Husikia mlio mmoja tu, akakutajia ndege kwa Kiisukha, Kiingereza na Kilatini, kwa mpangilio huo.

Nikamuuliza, "Ukijaza fomu kwa chifu, pale pa kazi unaandika nini?"

"Mkulima," akasema, akaniashiria ninyamaze. Kulikuwa na kitu juu ya mti.