Tasnifu ya Isimu Bila Matini

Mwanafunzi wa uzamivu wa isimu katika Massachusetts Institute of Technology (MIT) huandika kwanza makala mbili za utafiti katika matawi mawili tofauti, tuseme fonolojia na sintaksia, ndipo aigeukie tasnifu. Katika idara nyingine za Marekani hulazimika pia kupita kozi ya mbinu za uwandani: msemaji wa lugha ambayo darasa zima haliijui hualikwa, wanafunzi humuuliza neno baada ya neno, na polepole sarufi huanza kujitokeza.

Tanzania msemaji haalikwi kutoka mbali. Mara nyingi ni mwanafunzi mwenyewe, au bibi yake. Mwanafunzi huchagua kipengele kimoja cha lugha ya kwao, pengine toni au unyambulishaji wa vitenzi, hukichambua kwa nadharia aliyoikubali msimamizi, kisha huenda kujitetea. Watahini humuuliza ameziba pengo gani na nadharia imemfaa vipi. Ni maswali ya haki, lakini halitoshi jopo lisilouliza pia: matini ulizokusanya ziko wapi?

Uzito wa swali hilo unaonekana kwa Jessie Little Doe Baird wa Mashpee, Massachusetts, mmoja wa Wawampanoag, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Lugha ya watu wake ilikuwa imekaa zaidi ya karne nzima bila msemaji. Baird alisoma MIT, akafanya kazi na mwanaisimu Kenneth Hale, na mwaka 2000 akapata shahada ya umahiri kwa tasnifu ya utangulizi wa sarufi ya lugha hiyo. Hakuwa na mzee wa kumhoji. Alichokuwa nacho ni Biblia iliyotafsiriwa na John Eliot na kuchapishwa mwaka 1663, pamoja na hati za ardhi na nyaraka nyingine ambazo Wawampanoag wenyewe waliziandika kwa lugha yao. Kutokana na karatasi hizo lugha ilirudi midomoni, na mtoto wake akalelewa nayo tangu utotoni.

Nadharia za karne ya 17 zisingemsaidia Baird. Matini zilimsaidia.

Mwanaanthropolojia Franz Boas na wanafunzi wake walilijua hilo mapema: kwao sarufi, kamusi na mkusanyo wa matini vilikwenda pamoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimewahi kuikaribia njia hiyo. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza mwaka 2001 kwa ufadhili wa Sweden, ulizaa kamusi na misamiati ya lugha kama Kinyambo, Kiruuri, Kihaya na Kikahe, kisha Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Lakini mradi wa wafadhili una mwanzo na mwisho. Kanuni za shahada hudumu, na kila mwaka huleta watafiti wapya.

Watakaopinga wana hoja. Muda wa umahiri ni mfupi, unukuzi wa rekodi huchosha, na mwanafunzi anaweza kugeuka mkusanyaji wa hadithi asiyejua kuchambua. Hata hivyo, uchambuzi usio na matini hauwezi kukaguliwa. Sentensi kumi zilizotungwa na mtafiti ili zikubaliane na dai lake haziwezi kulipinga dai hilo. Masimulizi ya mzee anayeeleza jinsi ya kuvuna asali yanaweza, kwa kuwa hakuyasema kwa ajili ya nadharia ya mtu.

Kwa hiyo sharti linalopendekezwa hapa ni dogo: kila tasnifu inayohusu lugha isiyo na maandishi ya kutosha iambatane na rekodi chache za mazungumzo halisi, zilizonukuliwa na kutafsiriwa kwa Kiswahili, zipewe alama zake, na nakala ibaki maktabani. Kwa ridhaa ya wasemaji, nakala ya pili iende kwenye shule ya kijiji kile kile ambako mwanafunzi aliketi mkekani na kinasa sauti chake.